Boti ya mtumba: vile nilinunua ya kwanza bila kuuziwa mbuzi kwa gunia

Ukiambia mtu wa Nairobi unatafuta boti, kwanza atacheka, halafu atakuuliza utaiendesha wapi, Nairobi Dam? Na ukimwambia zamani pale Dam kulikuwa na klabu ya mashua za tanga kabisa hataamini, kwa sababu sai ukipita hapo unaona tu magugu na takataka. Mimi yangu ilikuwa ya Naivasha. Ni kama kilomita 90 kutoka tauni, tunaenda huko sana na ndugu zangu kuvua, na kila tukienda tunakodisha boti kwa saa, mpaka nikakaa chini nikapiga hesabu ya pesa ya kukodisha nikaona heri nitafute yangu, ndogo, futi 15 ama 16, ya faiba, na injini ya farasi 40 hivi.

Wacha niseme mapema kile kilinisaidia kuliko vyote. Boti ikiwa juu ya treila huwezi ukaijua. Nchi kavu kila boti ni nzima. Imeoshwa, imepigwa rangi, viti vina kava mpya, injini inanguruma ndani ya pipa la maji, na muuzaji anakuangalia tu usoni vile unaanza kutabasamu. Na si ati kila muuzaji ni mwongo, wengine hawajui, waliinunua hivyo na wanaiuza hivyo. Kwa hivyo nikajiwekea sheria kwamba pesa haitoki mpaka boti iguse maji na mimi niko ndani, na kabla ifike majini kuna vitu lazima ipite kwanza.

Boti za mtumba hapa kwetu zinatoka pande kama tatu, na kila upande una ugonjwa wake. Kuna za Pwani, Mtwapa, Kilifi, huko. Hizo ni nyingi na bei si mbaya, lakini zimekunywa chumvi. Injini ya boti inajipoza kwa kuvuta maji ya pale pale inapoelea na kuyapitisha ndani, sasa kama hayo maji ni ya bahari na mwenyewe hakuwa anaisuuza na maji matamu kila jioni, chumvi inaganda kwa njia za ndani na kula alumini polepole. Fungua kifuniko uangalie kama kuna unga mweupe kwa maungio, jaribu kugusa bolti uone kama zinakubali spana ama zimeshikana kabisa, na uangalie kile kipande cha zinki chini karibu na propela, ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya injini. Kikiwa kimeisha chote, jua kutu ilihamia kwingine. Kikiwa kimepakwa rangi ndio uchekeshe watu, maana kikipakwa rangi hakifanyi kazi na inamaanisha mwenye boti hakuwa anajua ni cha nini.

Za Ziwa Victoria, kutoka Kisumu, Homa Bay, Usenge, nyingi ni za mbao ndefu za wavuvi lakini injini zinauzwa kando na saa zingine unapata faiba nzuri. Shida ya huko ni kwamba injini imefanya kazi kweli kweli, usiku na mchana, na pia injini za wavuvi zimekuwa zikiibiwa miaka mingi ndani ya hilo ziwa. Kwa hivyo hapo swali la kwanza ni namba. Injini ina kibati cha namba kwa ile mikono ya chuma inayoshikilia ubao wa nyuma wa boti. Kibati kikiwa hakipo, ama kimekwaruzwa, ama kuna alama ya gundi pale kilikuwa, mimi siulizi hata bei. Narudi kwa gari.

Halafu kuna za hapa hapa Nairobi, zimelala kwa kompaundi za watu Karen na Lang'ata chini ya turubai, mwenyewe alinunua kwa furaha akaitumia mara chache watoto wakakua. Hizi ndizo zinadanganya vizuri zaidi kwa sababu zinakaa mpya. Lakini boti haipendi kulala. Petroli inakaukia ndani ya kabureta inakuwa kama vanishi, panya wanatafuna waya, raba ya pampu ya maji inakauka na kujikunja, na turubai likitoboka hata kidogo mvua za Aprili zinajaa ndani na mbao zilizofichwa chini ya faiba zinaoza taratibu bila mtu kujua.

Mtandaoni nilianza huko kama kila mtu, na huko ndiko utaona vituko. Kuna mmoja alinitumia picha za boti safi sana, bei ya kutupa, akasema iko Mombasa na kuna mtu wa Kisumu ashatuma nusu, kwa hivyo nitume elfu thelathini tu kwa M-Pesa ya kunishikia. Nikazoom picha. Kwa ubavu wa boti kuna namba imeandikwa inaanza na FL. Hiyo ni usajili wa Florida, Marekani, wanaandikaga hivyo kwa boti zao zote. Nikamwambia sawa kaka, nitumie video ukiwa umesimama kando yake, utaje tarehe ya leo na jina langu. Akasema mtandao uko chini. Mpaka leo mtandao wake uko chini. Tangu hapo kila mtu anayetaka dipoziti kabla nione kitu namwomba hiyo video, na wale wakweli hawakasiriki, wanatuma na hata wanakuonyesha pale rangi imetoka.

Sasa fundi. Mimi gari najua kidogo lakini injini ya boti ni dunia ingine, kwa hivyo nikatafuta mzee mmoja pale Kamere, ufuo wa wavuvi upande wa kusini wa Naivasha, amefanya hizi injini tangu akiwa kijana Homa Bay. Nilimlipa mimi mwenyewe, elfu tano kwa siku na nauli na chakula, na nikamwambia pesa yake ni ile ile tukinunua ama tukikataa. Hiyo ni muhimu bana. Fundi akiletwa na muuzaji, ama akiahidiwa kitu boti ikiuzika, ashapoteza macho.

Ya kwanza kumpeleka aone ilikuwa boti fulani nyekundu huko Karen. Nilikuwa nimeambia muuzaji kwa simu, tafadhali usiwashe injini mpaka nifike, nataka kuiona ikiwa baridi. Akasema hakuna shida boss. Tukafika saa tatu asubuhi, jua bado halijatoka vizuri, na kitu cha kwanza mzee alifanya hata kabla ya salamu kuisha ni kuweka kiganja juu ya silinda baada ya kuinua kifuniko. Akaniangalia. Nikaweka yangu. Moto.

"Niliipasha kidogo tu, nisiwapotezee wakati," muuzaji akasema.

Mzee akajibu, "Umefanya vizuri baba," akafunga kifuniko taratibu. Hakubishana. Lakini injini ambayo inahitaji kupashwa kabla mgeni afike ni injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi, na hiyo inaweza kuwa kabureta tu ya kuosha ama inaweza kuwa silinda imeisha, na muuzaji tayari amekuonyesha kwamba hataki ujue ni gani.

Tukaenda nyuma. Hapo ndipo nilisoma somo kubwa. Ule ubao wa nyuma pale injini inaning'inia, kwa hizi boti za faiba nyingi si faiba peke yake, ndani kuna plaiwudi imefunikwa na faiba pande zote. Kila skrubu na kila tundu iliyotobolewa hapo ni mlango wa maji kama haikuzibwa vizuri. Plaiwudi ikishaingia maji inaoza ndani kwa ndani na nje inabaki inang'aa. Injini ya farasi 40 ni kilo sabini na kitu, inaning'inia hapo na kusukuma boti nzima kupitia huo ubao, sasa ukioza, siku moja uko katikati ya ziwa unakata mawimbi na injini inang'oka na kipande cha boti inaenda chini. Kwa hivyo mzee akageuza bisibisi akashika upande wa chuma, akaanza kugonga na mpini kutoka juu kwenda chini, kila sehemu mara mbili. Juu inalia kavu, tok tok. Akishuka, bado tok tok. Karibu na bolti za injini upande wa kulia sauti ikabadilika ikawa nzito, dup. Akarudi juu, tok. Akarudi pale, dup. Alirudia mpaka hata muuzaji akaanza kusikia.

Halafu akaomba ruhusa kutoa skrubu moja ndogo iliyoshikilia kipande cha plastiki pale chini. Ilitoka bila nguvu, kwa vidole karibu. Nyuma yake yakatoka maji ya rangi ya kahawia, tone, tone lingine, halafu yakaanza kutiririka kidogo kidogo kwa rangi nyekundu mpya. Na hiyo boti haikuwa imeingia majini miezi mingi kulingana na mwenyewe. Mzee akamwomba mwenzangu asimame kwa injini aikanyage kwa ule mguu wa chini huku sisi tukiangalia pale juu inaposhikana na boti, na ubao ulikuwa unapumua, unaenda mbele na kurudi. Kubadilisha huo ubao kunawezekana, lakini ni kukata faiba, kutoa mbao zote, kuweka mpya na kufunga tena, kazi ya wiki na pesa nyingi. Muuzaji akashusha laki moja pale pale. Nikamshukuru tukaondoka. Kwa gari mzee akaniambia, "Kijana, rangi mpya kwa boti kuukuu, uliza inafunika nini," na akalala mpaka Limuru.

Kuna ingine tulikataa kwa sababu ya kompresheni, na hii nataka kuielezea vizuri kwa sababu watu wengi wanadanganywa hapa pande zote mbili. Kompresheni ni kupima kila silinda inabana hewa kiasi gani. Unatoa plagi zote, unafungua mafuta mpaka mwisho, unaweka geji kwa tundu ya plagi unavuta kamba mara kadhaa mpaka sindano iache kupanda. Sasa ukisoma kwa mtandao utaambiwa namba fulani, lakini hizo namba ni za watu wa baharini. Naivasha iko juu, kama mita 1,880 na kitu, na Nairobi nayo si mbali na hapo, hewa ni nyepesi, kwa hivyo geji yako itasoma chini kama kwa asilimia 20 hata injini ikiwa nzima kabisa. Muuzaji wa hiyo boti alijua hilo. Geji iliposoma 95 kwa silinda ya juu na 70 kwa ya chini akasema ni mambo ya altitudo bwana, huku juu zote zinasoma chini. Ni kweli zote zinasoma chini. Lakini altitudo haichagui silinda. Zote mbili ziko kwa injini moja zinavuta hewa ile ile, zikiachana zaidi ya asilimia kumi hivi kuna ringi ama pistoni imekwaruzika. Mzee hata hakuongea, alinionyesha tu ile 70 na kidole.

Na hapo kuna swali moja la bure kabisa ambalo sai nauliza kila mtu anayeuza injini ya kuchanganya oili, hizi za stroki mbili ambazo wavuvi wengi wanatumia. Unamuuliza kwa upole, wewe petroli yako unachanganyaga aje? Kwa injini nyingi za hivyo kipimo ni moja kwa hamsini, yaani mtungi wa lita 20 unataka mililita 400 za oili, oili ya injini za boti hasa. Mtu aliyetunza injini atakujibu bila kufikiria, na pengine atakuonyesha kopo lake la kupimia. Huyo wa 70 alisema "naweka tu mpaka ibadilike rangi." Silinda ya chini ilikuwa imeshajibu kabla yake.

Ile niliyonunua hatimaye ilikuwa Naivasha kwenyewe, kando ya Moi South Lake Road, ya mzee mmoja alikuwa amefanya kazi kwa mashamba ya maua akastaafu na alikuwa anahamia kwa watoto wake. Haikuwa nzuri kwa macho. Rangi ilikuwa imechujuka, kiti kimoja kimepasuka, na chini kuna mikwaruzo mingi kwa sababu hilo ziwa lilipopanda mwaka wa 2020 lilimeza miti na nguzo za fensi za watu, na mpaka sai kuna sehemu unapita juu ya fensi bila kujua. Lile pezi la chuma chini ya propela lilikuwa limemeguka ncha. Mimi nikaogopa, lakini fundi akasema heri hilo linaonekana, akaweka gia huru akazungusha propela na mkono huku akiangalia ncha ya shafti kama inachora duara. Haikuchora, ilizunguka imetulia. Akatoa propela yenyewe akanionyesha nyuma yake, nailoni ya nyavu imejisokota pale imekuwa kama kitambaa. Hiyo Naivasha ni kawaida, nyavu ziko kila mahali, lakini nailoni ikikaa hapo inakata sili, ile raba ya kuzuia maji kwa shafti, na maji yanaingia kwa giaboksi. Kwa hivyo akaweka kikopo chini akafungua skrubu ya chini ya giaboksi kidogo tu. Hapa nilikuwa nimeshika pumzi kusema ukweli. Oili ikiwa imeingia maji inatoka rangi ya chai ya maziwa, na ukiona hivyo jua kuna sili za kubadilisha na pengine beringi na gia zimeanza kuliwa. Ilitoka nyeusi, nzito, inanuka kuungua kidogo, lakini bila maji. Akapitisha kidole kwa ile sumaku ndogo ya skrubu, unga laini tu, hakuna vipande. Kompresheni 100 na 98. Ubao wa nyuma tok tok kila mahali, na mwenye boti akaenda ndani akaleta daftari, ameandika kila tarehe alibadilisha oili na raba ya pampu. Sijawahi kuona mtu wa hivyo.

Tukaiingiza majini asubuhi na mapema, kwa sababu Naivasha saa za mchana upepo unaamka na ziwa linachafuka, na ukitaka kusikia injini hutaki kelele ya mawimbi. Injini baridi, nilishika mwenyewe. Iliwaka kwa mvuto wa tatu. Kitu cha kwanza unaangalia ni ule mkojo wa maji unaoruka kando ya injini, ukiwa na nguvu pampu iko sawa, ukiwa hafifu ama ukikatika zima haraka kabla injini iungue. Hapo Naivasha hata injini nzuri inaweza kukatika mkojo kwa sababu magugu maji yameziba tundu za kuvutia, kwa hivyo ukitoka kwa magugu angalia tena. Tukaenda pole, tukaenda nusu, tukafungua yote. Nikamwomba mwenyewe akate kona kali pande zote mbili nione kama stelingi inashika, na ilikuwa ngumu upande wa kushoto, kebo yake imeanza kuota kutu ndani. Tukazima katikati ya ziwa tukawasha tena ikiwa moto, mara kadhaa, kwa sababu kuna injini zinawaka baridi na kukataa moto, na hapo ndipo viboko wanakupata. Tukaacha gia ya nyuma ifanye kazi. Halafu tukaivuta nje tukaacha imeinama, tukafungua plagi ya chini ya kutolea maji tukaangalia yanatoka kiasi gani. Glasi moja hivi. Nikatulia.

Treila watu wanaisahau na ndiyo itakuachisha barabarani. Tuliivuta ikiwa na boti juu kama kilomita kumi tukasimama nikaweka mkono kwa habu za magurudumu, moja vuguvugu na ingine moto wa kuchoma, beringi hiyo imeisha. Tairi zilikuwa na maua mazuri kabisa, lakini ubavuni kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na yangu ilisoma 2311, tairi ya 2011, mpira umekauka una nyufa. Sasa fikiria hiyo inapasuka ukiteremka Mai Mahiu nyuma yako kuna malori. Na treila ni gari kwa NTSA, wale wa kusajili magari, ina namba yake inayoanza na Z na logbuku yake, karatasi ya umiliki, isipokuwa nayo unanunua chuma tu na kila kizuizi cha polisi kitakukumbusha.

Karatasi za boti yenyewe ni za Mamlaka ya Bahari, KMA, ambao ndio wanasajili na kukagua boti hata za maziwa ya ndani, si za Mombasa tu. Nilitaka kuona cheti chenye jina la anayeniuzia, jina lile lile kwa kitambulisho chake, na namba ya injini kwa karatasi ilingane na kibati. Kuna watu watakwambia Naivasha hakuna anayeuliza. Wanauliza, na siku kukitokea ajali ndio watauliza zaidi. Laifu jaketi ni moja kwa kila kichwa, na zile alikuwa anazipa kama zawadi niliziangalia zikawa mbili tu ndizo za maana, zingine povu lake limesinyaa, ukilifinya halirudi.

Alikuwa anataka laki saba na themanini. Mimi sikumwambia bei ni ghali, sikusema boti yake ni mbaya, ungeudhi mzee wa watu bure. Nilikaa naye chini ya mti nikamwonyesha karatasi nimeandika: kebo ya stelingi, beringi, tairi mbili, jaketi, pezi la kuchomelea, kila moja na bei niliyouliza dukani. Nikamwambia mzee wangu, boti nimeipenda, haya ndiyo nitayalipa kesho kabla nipande tena. Alisoma yote, akakosoa bei ya tairi, akasema najua mahali unapata chini, na alikuwa sahihi. Tukakubaliana laki sita na arobaini na chai ikaletwa. Mkataba tuliandikiwa na wakili pale Naivasha tauni, ukataja bodi, namba ya injini na namba ya treila kila kimoja peke yake, kwa sababu ni vitu vitatu na vinaweza kuuzwa na watu watatu. Pesa ilienda kwa benki yake, yeye ameketi kando yangu, baada ya logbuku kuanza kuhamishwa. M-Pesa kwa mara moja inaishia laki mbili unusu hata hivyo, na sitaki kusukuma pesa kama hiyo vipande vipande nikikosea namba moja.

Siku ile ile nilibadilisha oili ya giaboksi na raba ya pampu hata kama daftari lilisema ni mpya, na nikamwaga petroli ya zamani yote. Kilichobaki kunisumbua ni propela. Huku juu injini inapoteza nguvu karibu moja ya tano kwa sababu ya hewa, kwa hivyo hiyo farasi 40 yangu inavuta kama 32, 33 hivi, na tukiwa watu wanne na mizigo boti inachelewa kuinuka juu ya maji, inasukuma tu pua juu na kunywa mafuta. Mzee fundi alizungushia waya wa plagi kipimo chake kidogo akaona mizunguko haifiki pale kitabu cha injini kinataka. Propela iliyoko ni ya pichi 13, yaani kwa hesabu ikizunguka mara moja inasonga mbele inchi 13, na kila inchi ukipunguza injini inapata mizunguko kama 150 mpaka 200 zaidi kwa dakika, kwa hivyo tunataka 11. Nimeuliza duka mbili hapa Industrial Area wakaniletea 13 na 14, kumbe wengi wanaagiza za watu wa Pwani. Kuna moja nimeambiwa iko Kisumu, ya alumini, imetumika, na nishawaambia wanitumie video.